Picha ya Kichwa cha Baba Mkwe

Kitu cha kwanza nilichokiona ni makofi.

Baba mkwe wangu alinipigia makofi.

Kama si mtu wa huku Ufipa utasema, sasa hapo kuna ajabu gani. Ngoja nieleze. Kwetu mwanamke akimsalimia mkubwa anachuchumaa, anakutanisha viganja na kupiga makofi ya taratibu, macho chini. Mkamwana kwa baba mkwe ndiyo kabisa. Unachuchumaa kwa mbali. Humtazami usoni. Humgusi. Chakula unaweka mlangoni kwake, unakohoa, unaondoka.

Niliishi hivyo miaka minne na mzee Valerian, baba wa mume wangu Zenon.

Asubuhi hiyo, mwishoni mwa Machi, alitoka chumbani akiinama mlangoni kama kawaida yake, maana alikuwa mtu mrefu sana. Nikachuchumaa, nikaanza kupiga makofi.

Sijamaliza, na yeye akachuchumaa.

Chini kuliko mimi. Mzee wa miaka sabini na mbili. Akakutanisha viganja vyake, akanipigia makofi, macho yake chini.

"Umeamkaje, mama," akasema.

Nilijiambia ananitania. Nikacheka kidogo, nikakimbilia jikoni. Huko nikamwaga unga.

Mimi naitwa Rozina, ila hapa wananiita mama Kalista, kwa jina la mwanangu. Shule niliishia darasa la tano. Mbele za watu siongei. Hata kwenye jumuiya, wakisema kila mmoja atoe nia yake ya kusali, zamu yangu huwa wanairuka, wameshanizoea. Naandika kwa sababu nikiandika hakuna anayenitazama.

Kijiji sitakitaja. Ni ukitoka Sumbawanga mjini kuelekea Matai. Waliokuwepo watajijua.

Baada ya makofi yakaja mengine.

Ndala ya mguu wa kushoto. Mzee alikuwa anaenda shamba na ndala mbili, anarudi na moja, na hajui. Kila jioni nilikuwa nafuata njia kuitafuta. Naikuta imelala kwenye vumbi, na pembeni yake mstari, kama mtu aliyekuwa anaburuta fimbo. Ulikuwa mguu wake.

Koti akalivaa ndani nje. Akaniuliza kama ulezi tumeshavuna, nikamwambia bado, akaniuliza tena, nikamwambia bado, akaniuliza tena.

Siku nyingine alikuwa mzima kabisa. Anakaa kizingitini, anachonga mpini wa jembe, anamwimbia Kalista nyimbo za Kifipa. Unasema ameshapona. Kesho yake analala mpaka saa sita mchana, akiamka anauliza mama yake Zenon amekwenda wapi. Mama yake Zenon tulimzika kabla sijapata Kalista.

"Ni uzee tu," Zenon aliniambia. "Hata wewe utazeeka, utanisahau."

"Wewe nitaanza kukusahau mapema," nikamwambia. Kwa Zenon huwa naweza kutania kidogo.

Alicheka. Zenon ni mchuuzi wa samaki. Anashuka Kasanga ziwani, anapakia dagaa na migebuka, anapanda nao kuuza mjini. Wiki nzima anaweza asilale nyumbani. Kwa hiyo mzee nilikuwa nabaki naye mimi.

Bombani wanawake walikuwa na lao.

"Mzee wenu kachezewa huyo, karogwa."

"Wewe naye, Sumbawanga hii mtu akipoteza ndala tu, kachezewa."

"Haya, cheka. Mimi simo."

Mimi nilijaza ndoo yangu nikaondoka.

Aliyeamua ni wifi yangu Justa. Ameolewa Matai, na huyo kuongea hajambo. Alikuja mwezi wa tano kutusalimia, baba yake akatoka, akamwambia, "Shikamoo."

Justa aliweka mkoba chini.

"Baba amenipa shikamoo mimi," akasema. "Mimi, ambaye alikuwa ananichapa bakora nikichelewa kuteka maji. Zenon, kesho hospitali. Usinijibu."

Tukaenda hospitali mjini, sisi wanne.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimuuliza mzee leo siku gani. Mzee akasema Jumapili, ilikuwa Jumatano. Akamwambia akumbuke maneno matatu: jembe, kanisa, mbuzi. Wakaongea mengine kidogo, kisha akamwambia ayarudie. Mzee alifikiri mpaka jasho likamtoka kwenye pua.

"Mbuzi," akasema. Halafu akacheka kwa aibu. "Hao wengine wametoroka na mbuzi."

Tulicheka wote. Justa alikuwa anacheka huku analia.

Daktari akamwambia anyooshe mikono, afumbe macho. Mkono wa kushoto ukashuka taratibu wenyewe. Akauandika huo mkono. Halafu akatugeukia.

"Amewahi kuanguka? Kugonga kichwa, hata kidogo tu, miezi hii ya nyuma?"

"Hapana, daktari," Zenon akasema. "Baba ni mtu wa shamba, ana nguvu."

"Na wewe mama? Wewe ndiye unayeshinda naye."

Wote wakanitazama. Daktari, Zenon, Justa. Na mzee pia, alinitazama na yale macho yake ya siku hizo, kama anatazama dirisha.

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Daktari akaandika.

"Basi inaelekea ni ugonjwa wa kusahau wa wazee," akasema. "Ubongo unasinyaa polepole. Lakini siwezi kuapa kwa kumtazama usoni. Inabidi kichwa kipigwe picha, ile ya CT, inaonyesha ndani. Nawaandikia barua mwende Mbeya. Picha itatuambia kama ni kusinyaa au kuna kitu kingine, uvimbe au damu. Mngeniambia ameanguka, ningewaambia mpande basi leo hii. Kwa hali hii, jipangeni, lakini msikae sana."

"Tukimaliza kuvuna ulezi," Zenon akasema.

"Sawa," daktari akasema.

Nilisikia kila neno. Ningewaambia mpande basi leo hii.

Sasa niseme.

Alikuwa ameanguka. Mimi nilimwona.

Ilikuwa Februari. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, jua likatoka kidogo mchana, mzee akasema anataka kuoga. Zenon alikuwa Kasanga. Nikachemsha maji, nikapeleka bafuni, nikakohoa, nikaondoka. Bafu letu ni uzio wa nyasi nyuma ya nyumba, na chini mawe bapa. Mvua ikizidi mawe yale yanaota ukijani na kuteleza.

Nilikuwa napepeta maharage niliposikia kishindo. Kama gogo limetupwa.

"Baba?" nikaita.

Sikusikia hata maji yakimwagika.

Nikaenda mpaka kwenye uzio. "Baba?"

Mkamwana haingii bafuni akiwamo baba mkwe. Hilo hata hufundishwi, unalijua tu, kama unavyojua moto unaunguza. Nilisimama pale nje, mkono kwenye nyasi, kwa muda wa kusali Salamu Maria tatu. Nilizisali kweli.

Kisha nikaingia.

Alikuwa amelala ubavu, kichwa upande wa kulia kimegota kwenye jiwe, sabuni bado iko mwilini. Damu kidogo tu nyuma ya sikio. Hakuwa na nguo. Nilimwona kama alivyozaliwa.

Nilimwinua. Nikamfikisha kitandani kwake. Baadaye nikampa maziwa ya moto, akanywa. Sisi hatufugi, lakini siku hiyo maziwa yalikuwepo.

Alipopata akili vizuri alisema, uso akiwa ameuelekeza ukutani:

"Zenon asijue. Na mtu yeyote asijue. Heshima yangu na yako, mwanangu, zote ziko hapo."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Kichwa kilimuuma siku mbili. Siku ya tatu akabeba jembe. Nikasema yamepita.

Kwa hiyo daktari aliponiuliza, mimi sikusikia anauliza kichwa. Nilisikia anauliza, ulimwona baba mkwe wako uchi? Mbele ya mume wangu na wifi yangu na mzee mwenyewe.

Ndiyo maana nikatikisa kichwa.

Ulezi tulivuna Juni. Upepo wa Juni huku unauma mpaka kwenye meno. Mzee alikuwa hatoki tena kitandani, ukimwinua anaegemea upande wa kushoto kama mti uliokatwa nusu. Uji nilikuwa nampa mimi, kijiko kwa kijiko, na Zenon hakunizuia, maana mwiko gani tena huo, mzee alikuwa haniiti hata mkamwana. Ananiita mama.

Kila kijiko niliwaza, leo nitasema. Mdomo unafunguka, nasema, "Baba, fungua kinywa."

Tulifika Mbeya mwanzoni mwa Julai.

Kijana wa mashine alikuwa mchangamfu. Akasoma barua.

"Sumbawanga? Aisee. Kama ana hirizi avue kabisa, mashine yangu haitaki ushindani."

"Sisi Wakatoliki, mshikaji," Zenon akamwambia.

"Poa, basi rozari nayo ivuliwe. Chuma chochote shingoni kinaharibu picha."

Mzee alikuwa na rozari yenye msalaba wa chuma, haijawahi kutoka shingoni tangu nimjue. Zenon alipotaka kuivua, mzee alimpiga kofi la mkono. Justa akajaribu, akamfukuza naye. Kisha akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni.

"Mama anivue."

Zenon akanitazama kwa huruma. "Mama Kalista, najua ni aibu. Leo tu. Mguse tu."

Leo tu.

Nilichuchumaa kwanza, nikapiga makofi. Yule kijana wa mashine akaacha utani. Nikaivuta rozari polepole juu ya kichwa. Vidole vyangu vikapita nyuma ya sikio la kulia, vikakuta kovu dogo, gumu, kama punje ya mahindi.

Nikaondoa mkono haraka.

Hawakukaa sana ndani. Tuliitwa kwa daktari wa kike, daktari Hellena, mtu mzima, mwenye miwani. Picha alikuwa ameibandika kwenye taa ukutani.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Ilikuwa kama boga lililokatwa katikati. Nje duara jeupe, ndani mikunjo. Lakini upande mmoja, kati ya duara na mikunjo, kulikuwa na kitu kama mwezi mwembamba, cheusi cheusi, kimeisukuma mikunjo yote mpaka mstari wa katikati umepinda.

"Mmeambiwa ni ugonjwa wa kusahau," daktari Hellena akasema. "Mimi siuoni hapa. Ubongo wa baba yenu ni mzuri kwa umri wake. Haujasinyaa, umebanwa."

"Umebanwa na nini?" Justa akauliza.

"Na damu. Damu ya zamani. Mtu akigonga kichwa, mshipa mdogo unavuja kidogo kidogo, wiki hata miezi. Anakuwa kama amezeeka ghafla, anasahau, anaburuta mguu. Ukipiga picha mapema unatoboa tundu dogo, inatoka, anarudi nyumbani anakutukana kama zamani." Akavua miwani. "Tutatoboa leo. Lakini mmechelewa. Hii imekaa miezi minne, mitano. Mliambiwa mseme kama ameanguka?"

"Hajaanguka," Zenon akasema.

"Basi amepigwa," daktari akasema. Alilisema kama mtu anayehesabu tu, lakini nilimwona Zenon anavyolimeza hilo neno.

Walimtoboa jioni ile. Daktari alisema ilitoka kama oili chafu ya gari.

Na asubuhi mzee Valerian akarudi.

Sijui niseme vipi. Alifungua macho, akamwona mwanawe. "Zenon. Ulezi mmepata magunia mangapi?" Akamwona Justa, akamwambia, "Na wewe punguza kulia, hospitali ya watu hii." Justa akalia zaidi.

Akaniona mimi, kwenye kona.

Hakuniita mama. Alinitazama kidogo, kisha akageuza uso wake ukutani kama inavyotakiwa. Alikuwa ameshanikumbuka mimi ni nani.

Baadaye akasema, "Maganga yuko wapi? Mwiteni. Nina neno naye."

"Maganga yupi, baba? Yule Msukuma?"

"Mwiteni," akasema, akafumba macho.

Hakupata kulisema hilo neno. Siku ya pili kifua kikaanza kukoroma, ya tatu homa, ya nne akafariki. Daktari Hellena alisema alikuwa amelala kitandani muda mrefu mno kabla hajaletwa, mapafu yalikuwa yameshachoka. Alitupa mkono wa pole, mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliushika kidogo zaidi, au labda ni mimi nilihisi hivyo.

Sasa nieleze Maganga ni nani.

Ni mfugaji. Walihamia huku na ng'ombe wao miaka ya nyuma, wakajenga bondeni ng'ambo ya shamba letu, yeye na mkewe Jenifer na watoto. Januari ng'ombe wake waliingia kwenye ulezi wetu. Mzee alimgombeza mbele ya kijiji kizima.

"Siku moja nitalichinja dume lako hilo."

"Siku hiyo uniite, mzee," Maganga akamjibu, "chumvi nitakuja nayo mimi."

Watu walicheka mpaka mzee mwenyewe akacheka. Lakini baada ya msiba hakuna aliyekumbuka kicheko. Walikumbuka ugomvi.

Zenon alirudi na ile picha kwenye bahasha. Siku ya kuanua matanga aliitoa, wanaume wakaipokezana, kila mmoja anaiinua juu kwenye jua na kukunja uso.

"Hapa ndipo alipopigwa," mmoja akasema, kidole kwenye ule mwezi.

"Na fimbo. Ona ilivyopinda. Hiyo ni fimbo ya mchungaji."

"Picha haidanganyi."

"Na mzee mwenyewe alimtaja. Neno lake la mwisho."

Mimi nilikuwa napita na sinia la ugali katikati yao. Nililiweka chini. Nikarudi jikoni.

Maganga akaitwa ofisi ya kitongoji. Mwenyekiti wetu ni mzee Isdori, mtu wa haki, sina neno naye. Nje walijaa watu. Sisi wa familia tulikaa ndani kwenye benchi.

"Maganga," mzee Isdori akasema, "umewahi kumgusa marehemu?"

Maganga alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Nimewahi kumshika," akasema. "Sijampiga."

Watu wakanguruma huko nje.

"Ulimshika lini?"

"Februari."

"Wapi?"

Akaizungusha kofia mkononi.

"Maganga, nakuuliza wapi. Na kwa nini."

"Mwenyekiti, nilimpa mzee ahadi," akasema. "Kama kuna mwingine wa kusema, aseme. Mimi ahadi sivunji."

Akageuza macho. Hakunitazama sana, ni kidogo tu, kama mtu anayetazama kama mlango uko wazi.

Nikatazama miguu yangu. Kulikuwa na siafu mmoja anapita kati ya vidole. Nilimtazama huyo siafu mpaka akafika ukutani.

"Ng'ombe wako wakala ulezi," Justa akamwambia, "na wewe ukamla baba yetu. Mmeshiba sasa?"

Maganga akavaa kofia yake.

Polisi hakupelekwa, maana hakukuwa na aliyeona. Lakini vijana hawakusubiri polisi. Mchana wa siku iliyofuata walichoma zizi lake. Ng'ombe aliwaokoa, nyumba ikaungua upande mmoja. Wiki hiyohiyo wakafunga mizigo kuondoka. Wengine walisema wanashuka bonde la Rukwa, wengine wanasema Katavi. Sijui.

Siku waliyoondoka Jenifer alikuja kwetu. Zenon hakuwepo. Alisimama nje ya jiko, mtoto mgongoni.

"Hodi dada."

"Karibu."

"Nimefuata kibuyu changu."

Nikaingia jikoni. Kilikuwa kinaning'inia kwenye mwamba wa paa, nyuma ya ungo, tangu Februari. Nikakishusha, nikakifuta vumbi kwa kanga yangu, nikampa kwa mikono miwili.

Akakitazama ndani. Akanusa.

"Kimekauka," akasema. Akaenda zake.

Sasa mmeelewa.

Huko juu nimeandika nilimwinua. Hata hapa, ambapo hakuna anayenitazama, nimewaficha. Mzee aliyekuwa anainama kupita mlangoni, mimi ambaye gunia la mahindi linanishinda, ningemwinua vipi?

Siku ile Maganga alikuja kuomba radhi kwa ule ulezi. Alileta maziwa. Alinikuta nimetoka mbio bafuni, siwezi hata kuita mtu, nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Hakuuliza. Alivua shuka lake la uchungaji, akaniambia, "Geukia kule, dada." Akaingia, akamfunika mzee, akambeba mikononi kama mtoto mpaka kitandani. Akamfuta sabuni. Akamvalisha. Mimi nilikuwa nimegeukia shamba muda wote.

Mzee alipozinduka alitukuta sote wawili. Mimi mlangoni, Maganga pembeni ya kitanda.

Alimwambia na yeye. "Maganga, huyu ni mkamwana wangu. Ikijulikana aliingia, hatakaa tena na heshima humu. Na wewe ulikuwepo, mume wake hayupo. Watu watasema nini? Uniahidi."

"Nakuahidi, mzee," Maganga akasema.

Naamini neno ambalo mzee alimwitia Maganga lilikuwa hilo. Nadhani alitaka kumfungua ile ahadi, au kumshukuru. Sitajua.

Yule mtu angeweza kujiokoa kwa kusema jina langu tu. Alipoteza nyumba akalinda heshima ya mwanamke ambaye si dada yake wala kabila lake, na yule mwanamke alikuwa amekaa benchi palepale anatazama siafu.

Picha bado ipo. Zenon ameihifadhi ndani ya bahasha juu ya kabati. Siku moja Kalista aliitoa, akaiweka dirishani, akaniuliza, "Mama, huyu nani?" Nikamwambia ni babu. Akasema, "Mbona hana macho?"

Ile mashine iliona kila kitu kilichokuwa ndani ya kichwa. Haikuona bafu, wala kibuyu, wala mimi. Hayo ilibidi yasemwe na mtu.

Kama mna mzee nyumbani anaanza kusahau, msikimbilie kusema ni umri, na msisubiri mavuno. Mpelekeni apigwe hiyo picha. Na ninyi madaktari, mkitaka kujua kama mzee ameanguka, msimuulize mkamwana mbele ya mumewe. Mtoeni nje, mkae naye peke yake, mumpe maji ya kunywa, mumsubiri. Sisi tunaowatengea maji ya kuoga ndio tunaojua. Tunachelewa tu.

Zenon yuko Kasanga. Kesho anapanda na samaki. Hii naiweka mtandaoni leo; simu yake inakamata mtandao akifika Matai, na kuna watu watakuwa wameshamtumia kabla hajashuka kwenye gari. Najua atakachosoma kwanza si kichwa cha baba yake. Atasoma bafu, na jina la mwanaume. Nitakuwa nyumbani. Sijafunga mizigo.

Maganga, kama kuna mtu anakufahamu akakusomea, nitaenda kwa mzee Isdori Jumatatu. Nitasimama pale uliposimama.

Lakini kuna jibu nadaiwa tangu mwezi wa tano, na nimelifanyia mazoezi asubuhi hii, peke yangu jikoni, kwa sauti, mpaka Kalista akaja kuuliza naongea na nani.

Ndiyo, daktari. Alianguka. Nilikuwepo.